Fundi anauliza: Drili yao haijawahi kuniangusha, je, hisa zao ninunue?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni seremala, na drili ya DeWalt ninayotumia haijawahi kuniangusha. Binamu yangu ananiambia DeWalt, Stanley na Black & Decker ni kampuni moja, kwamba imepandisha gawio kila mwaka kwa zaidi ya miaka 50, na kwamba hisa yake iliyopita dola 200 mwaka 2021 sasa inapatikana chini ya nusu ya bei hiyo. Anasema hapo hakuna cha kufikiri. Lakini nikisoma habari naona wanauza biashara zao moja baada ya nyingine na kufunga viwanda. Tena vikombe vya Stanley vimejaa kila mahali, kwa hiyo si wanauza sana? Nina akiba kidogo, na sehemu yake ni ada ya chuo ya binti yangu, anaanza baada ya miaka mitatu. Ninunue, au kampuni hii inajiuza vipande vipande mpaka iishe?"*

Fundi, ahsante kwa swali lililonyooka. Nikikuelewa vizuri, hofu yako haihusu drili wala binamu. Unaona ishara mbili zinazovutana: gawio, yaani fedha anayolipwa mwenye hisa, linapanda kila mwaka, na wakati huohuo mali inauzwa na viwanda vinafungwa. Unataka kujua ipi uiamini. Kwa maoni yangu zote mbili ni za kweli na zote mbili zinaweza kukupoteza njia, kwa sababu afya ya kiwanda cha vifaa haionekani kwenye gawio wala kwenye vichwa vya habari. Inaonekana ghalani, kwenye mzigo uliokwisha kutengenezwa na haujapata mnunuzi. Nitakueleza kwa nini, ila kwanza tuvimalize vikombe.

Vikombe vile havihusiani kabisa na kampuni unayoifikiria. Chupa za Stanley za kutunza joto zilianzia kwa mvumbuzi Mmarekani William Stanley mwaka 1913, na leo zinatengenezwa na kampuni nyingine, PMI ya Seattle. Stanley ya tepu na randa ilianzishwa na Frederick Stanley mwaka 1843 huko New Britain, jimbo la Connecticut, ikitengeneza makomeo na bawaba za milango. Majina yamegongana tu. Vikombe vikiuzwa kwa mamilioni, mwenye hisa za Stanley Black & Decker haambulii hata senti.

Kuhusu umoja wa kampuni, binamu yako yuko sahihi. Black & Decker ilianzishwa Baltimore mwaka 1910 na Duncan Black na Alonzo Decker, na mwaka 1917 walipata hataza ya drili ya umeme ya kushika mkononi, yenye mshiko kama wa bastola na swichi ya kubonyeza kwa kidole. Itazame ya kwako: umbo ni lilelile. DeWalt ilinunuliwa na Black & Decker mwaka 1960, na mwaka 2010 Stanley na Black & Decker zikaungana. Baadaye wakaongeza Irwin na Lenox, na jina la Craftsman lililokuwa la maduka ya Sears, zote mwaka 2017. Facom ya Ufaransa ilikwishaingia upande wa Stanley kabla ya muungano.

Sasa, mbona kampuni moja ibaki na majina yote hayo? Kisa cha DeWalt ndicho kinachofundisha zaidi. Mwaka 1984 Black & Decker walinunua kitengo cha vyombo vidogo vya umeme cha General Electric, mambo ya pasi na toasta. Biashara ya nyumbani ikakua, lakini mafundi wa Marekani wakaanza kuona aibu. Mashine hazikuwa mbovu. Ila fundi anayelipwa kwa kazi yake hakutaka kufika kwenye jengo na mashine yenye jina lililo kwenye toasta jikoni kwake. Wakati huo Makita ya Japani ilikuwa inawachukua wateja hao mmoja mmoja. Mwaka 1992 Black & Decker wakalichukua jina la DeWalt, ambalo mafundi walilijua kwa misumeno mikubwa ya mezani, wakapaka mashine za kazi rangi ya njano na kuziuza kwa jina hilo. Mafundi wakarudi. Leo DeWalt ndiyo moyo wa kampuni nzima, na mtu anayenunua hisa hizi, apende asipende, ananunua DeWalt kwanza na mengine baadaye.

Na kinachoishikilia DeWalt sokoni si drili. Ni betri. Ukiifungua betri ya kawaida ya drili yako, utakuta seli tano za lithiamu zimeungwa kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine. Kila seli ina volti 3.6 za kawaida, na tano zinafanya 18. Ikitoka kwenye chaja imejaa, kila seli inakaribia volti 4, na hapo ndipo inapopatikana ile 20 iliyoandikwa kwenye betri zinazouzwa Marekani. Ulaya betri za namna hiyohiyo huandikwa 18. Mwaka 2016 wakatoa FlexVolt, yenye seli 15 katika makundi matatu. Ukiiweka kwenye drili ndogo, makundi hayo yanafanya kazi sambamba na kutoa volti 20. Ukiiweka kwenye msumeno mkubwa, yanaunganishwa kwa mfululizo na kutoa 60. Kiufundi ni kazi nzuri sana, na kibiashara ni kazi nzuri zaidi, kwa sababu fundi mwenye betri tatu na chaja mbili za njano hatanunua grinda ya mshindani, Milwaukee, hata ikiwa nafuu kidogo. Atanunua grinda ya njano isiyo na betri. Ndiyo maana seti ya kwanza huuzwa kwa bei ya kuvutia, na faida hutafutwa kwenye mashine ya pili, ya tatu na ya sita.

Basi ile imani yako kwa drili ina thamani. Inakuambia jambo la kweli: kampuni hii ina wateja wasiohama kirahisi. Ila haikuambii wateja hao wanaleta faida kiasi gani, wala kampuni ina madeni kiasi gani, wala bei ya hisa imekwishahesabu uaminifu huo au bado. Bidhaa nzuri na hisa nzuri ni vitu viwili, na kampuni hii yenyewe ni ushahidi. Kati ya 2021 na mwisho wa 2022 hisa ilitoka juu ya dola 200 ikaanguka chini ya 80, na katika kipindi chote hicho drili zilikuwa nzuri vilevile.

Kuna dhana nyingine inayojificha kwenye maneno ya binamu, kwamba majina mengi ni kinga. Kwamba Stanley ikilala, Craftsman itaamka. Haiendi hivyo. Zaidi ya nusu ya mauzo ya kampuni hii yako Marekani, na wanunuzi wake wawili wakubwa ni Home Depot na Lowe's, maduka yanayomhudumia mtu yuleyule: mwenye nyumba anayekarabati, na fundi anayemkarabatia. Riba ya mikopo ya nyumba ikipanda, Wamarekani wanaacha kuhama. Asiyehama havunji jiko wala habadilishi sakafu. Tepu, msumeno, nyundo na mashine ya kukata nyasi vinapungua mauzo kwa wakati mmoja, hata kama vina majina kumi tofauti. Majina mengi yanasaidia kumfikia kila mnunuzi kwa bei anayoimudu. Ni ngazi yenye vipandio vingi, nayo imesimama juu ya sakafu moja.

Kinga ya kweli ilikuwa kwenye biashara zisizohusiana na ukarabati wa nyumba, na nyingi kati ya hizo ndizo walizouza. Vitasa na mabomba, yaani Kwikset, Pfister na wenzake, vilikwenda kwa Spectrum Brands mwaka 2012 kwa dola bilioni 1.4 (na vitasa, nakubali, ni vya nyumbani pia). Biashara ya ulinzi na kengele ilikwenda kwa Securitas mwaka 2022 kwa dola bilioni 3.2. Kitengo cha vifaa vya ujenzi wa miundombinu kilikwenda kwa Epiroc mwaka 2024 kwa dola milioni 760. Kilichobaki mwaka 2024 nje ya vifaa na mashine za bustani kilikuwa hasa biashara ya viungio: riveti, bolti maalumu na nati za viwanda vya magari na ndege. Mwaka 2024 kampuni iliuza bidhaa za dola bilioni 15.4, na zaidi ya asilimia 85 zilitokana na vifaa na bustani. Neno "mchanganyiko" bado linabandikwa kwenye kampuni hii, lakini kila mwaka linaistahili kidogo kuliko mwaka uliotangulia.

Je, huko ndiko kujiuza mpaka kuisha? Hapana, na hapa sikubaliani na woga wako. Kampuni inayokufa huuza kilicho bora ili iishi mwezi mmoja zaidi. Hii imeuza vya pembeni na kubaki na kilicho bora. Biashara ya ulinzi, kwa mfano, haikuwahi kuingiana vizuri na nyundo. Mafundi wa kufunga kengele na wauzaji wa drili hawana kiwanda, mteja wala duka la pamoja. Kuiuza kulikuwa na akili. Linalonikera mimi ni matumizi ya fedha na saa yake. Mwisho wa 2021 walimalizia kuinunua MTD, watengenezaji wa mashine za kukata nyasi za Cub Cadet, kwa takribani dola bilioni 1.6. Mwanzoni mwa 2022 wakatumia zaidi ya dola bilioni 2 kununua hisa zao wenyewe. Miezi michache baadaye soko likaanguka. Waliomwaga fedha hizo hawakuona kilichokuwa kinajazana ghalani kwao, au walikiona wakadhani kitapita.

Sasa tuingie ghalani.

Mwaka 2020 watu walipofungiwa nyumbani, walianza kukarabati. Maduka yakaagiza kwa fujo. Kampuni ikaongeza uzalishaji, na kwa kuwa kutoka kiwanda cha Asia mpaka rafu ya duka Marekani ni safari ya miezi, oda za wakati huo zilikuwa dau juu ya msimu ambao haujafika. Kisha bandari zikasongamana, kontena zikapanda bei mara kadhaa, chuma, resini na chipu za betri vikawa ghali. Kampuni ikaendelea kujaza, ikiogopa kukosa mzigo. Mwisho wa 2020 mzigo wa ghalani ulikuwa na thamani ya karibu dola bilioni 2.7. Mwisho wa 2021 ulikuwa karibu 5.4. Sehemu ya ongezeko ilikuja na MTD, ni haki kulisema hilo, lakini katikati ya 2022 ulipita bilioni 6 huku maduka yakianza kusema "tunao wa kutosha."

Wewe unalijua hili kwa mikono yako. Chukulia umenunua mbao za mkongo nyingi bei ikiwa juu, ukakodi chumba cha kuzihifadhi, ukaajiri vijana wawili zaidi. Wateja wakaacha kuja. Fedha yako haijapotea, imegeuka mbao. Lakini hailipi kodi wala mshahara. Kisha utauza vitanda kwa bei ya leo ukitumia mbao za bei ya jana, na kwa muda huo hutanunua mbao mpya hata zikiwa rahisi.

Yaliyoipata kampuni ni hayo, pamoja na jambo moja ambalo karakana ndogo huiumiza kidogo na kiwanda kikubwa hukiumiza sana. Kiwanda kina gharama zisizopungua hata kisipofanya kazi: jengo, mitambo, umeme, wasimamizi. Gharama hizo hugawanywa kwa kila drili inayotoka. Ukitengeneza drili milioni moja, kila moja inabeba kidogo. Ukipunguza uzalishaji nusu ili ghala lipungue, kila moja inabeba mara mbili. Kwa hiyo dawa yenyewe inauma: ili kupunguza ghala lazima upunguze uzalishaji, na ukipunguza uzalishaji kila bidhaa inakuwa ghali kuitengeneza. Na kwa kanuni za uhasibu, gharama ya kutengeneza bidhaa haihesabiwi kama gharama siku unapoitengeneza. Inakaa ghalani pamoja na bidhaa, na inahesabiwa siku bidhaa inapouzwa. Ndiyo maana maumivu ya 2021 yalionekana vitabuni mwishoni mwa 2022 na ndani ya 2023, wakati kontena zilikuwa zimekwisha kushuka bei na msomaji wa kawaida alikuwa anauliza tatizo liko wapi.

Tazama faida ghafi, yaani kinachobaki kwa kila dola ya mauzo baada ya kutoa gharama ya kutengeneza. Miaka ya 2020 na 2021 ilikuwa karibu theluthi moja. Robo ya mwisho ya 2022 ilikuwa chini ya senti 20 kwa dola. Fedha halisi zilikuwa na hali mbaya zaidi: mwaka 2022 shughuli za kampuni hazikuleta fedha, zilikula karibu dola bilioni 1.5. Mwaka 2023 kampuni ikaandika hasara. Ghala lilishuka mpaka karibu bilioni 4.7 mwisho wa mwaka huo, na mzigo uliopungua ukageuka fedha, kama mbao zako zinavyogeuka fedha siku kitanda kinapolipiwa. Faida ghafi ikapanda tena. Mwaka 2024 ilizunguka asilimia 30. Wenyewe wamesema lengo ni 35 na zaidi.

Kufunga viwanda, basi, kulitoka humu. Katikati ya 2022 walitangaza mpango wa kupunguza gharama kwa dola bilioni 2. Sehemu yake ni kununua malighafi kwa pamoja na kupunguza aina za bidhaa, na sehemu ni kupunguza idadi ya viwanda ili vinavyobaki vijae kazi. Kuna kiwanda kimoja nakitenga na vingine, cha Fort Worth, Texas. Kilitangazwa mwaka 2019 kwa takribani dola milioni 90, kitengeneze spana na soketi za Craftsman kwa mitambo ya kujiendesha, ili kazi irudi Marekani. Mwaka 2023 wakatangaza kukifunga. Hicho hakikufungwa kwa sababu ya ghala. Mitambo haikufikia kasi na ubora uliotarajiwa. Ukiona mtu anaahidi kwamba roboti zitashusha gharama ya spana kuliko kiwanda cha Asia, subiri uone spana kwanza.

Turudi kwenye gawio la binamu. Ni kweli limepanda kwa zaidi ya miaka 50 mfululizo, na gawio lenyewe limelipwa tangu 1877. Wawekezaji wa Marekani wana jina la heshima kwa kampuni kama hizi, wanaziita wafalme wa gawio. Lakini liangalie kwa karibu. Gawio la robo mwaka lilikuwa senti 79 mwaka 2021. Likawa 80 mwaka 2022, 81 mwaka 2023, 82 mwaka 2024, 83 mwaka 2025. Senti moja kwa mwaka, fundi. Mfumuko wa bei Marekani ulipanda kuliko hivyo, kwa hiyo mwenye hisa alikuwa anapata kidogo zaidi kwa hesabu ya senti na kidogo pungufu kwa hesabu ya sokoni. Senti hiyo moja inalinda rekodi. Na mwaka 2022, fedha zilipokuwa zinatoka badala ya kuingia, gawio lilitokana na mikopo na mauzo ya mali.

Rekodi ndefu haimfungi mtu mikono. Leggett & Platt, watengenezaji wa springi za magodoro, nao walikuwa wamepandisha gawio kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 2024 wakalishusha kutoka senti 46 kwa robo mwaka mpaka senti 5. Waliokuwa wamenunua kwa sababu ya rekodi walibaki na hisa iliyoporomoka na gawio lisilotosha nauli.

Je, Stanley Black & Decker iko huko? Kwa hesabu za 2024, bado. Baada ya kutoa matumizi ya mitambo na majengo, shughuli zake ziliacha karibu dola milioni 750, na gawio lilichukua karibu 490. Lilitosha na chenji ikabaki. Chenji hiyo, hata hivyo, ina kazi: deni mwisho wa mwaka huo lilikuwa bado kama dola bilioni 6. Na tangu 2025 kumeongezeka ushuru wa Marekani kwa bidhaa zinazoingia kutoka nje, jambo linaloigusa kampuni hii moja kwa moja kwa kuwa mashine nyingi zinazouzwa Marekani hutengenezwa Asia na Mexico. Wamepandisha bei na wanahamisha uzalishaji kutoka China. Kuhamisha kiwanda ni kurudia, kwa kiasi fulani, maumivu niliyokueleza: gharama mbili kwa wakati mmoja, mzigo wa akiba ghalani, na duka linaloangalia kama mteja atakubali bei mpya.

Ukitaka kuifuatilia mwenyewe, huhitaji kusoma ripoti nzima. Kila robo mwaka kampuni hutoa taarifa. Tafuta mistari mitatu: mzigo wa ghalani, faida ghafi kwa asilimia ya mauzo, na fedha zilizotokana na shughuli. Mzigo ukipanda kwa kasi kuliko mauzo, shtuka, hata kama faida ya robo hiyo ni nzuri. Usiangalie robo ya kwanza ya mwaka peke yake, kwa sababu kampuni hujaza ghala kabla ya msimu wa bustani na fedha hutoka kila mwaka wakati huo. Linganisha na robo ya kwanza ya mwaka uliotangulia.

Kwa upande wako, ada ya chuo isiingie humu. Miaka mitatu ni mifupi mno kwa hisa ya kampuni moja, na ya kampuni inayotegemea riba za nyumba na ushuru ni mifupi zaidi. Aliyenunua katikati ya 2021 akitegemea kulipa ada katikati ya 2024 alifika na chini ya nusu ya fedha yake, gawio likiwa limemfuta jasho tu. Weka ada mahali ambapo unajua kiasi kitakachokuwepo siku ya kulipa: akaunti ya muda maalumu, hati za serikali, chochote cha aina hiyo kinachopatikana unakoishi.

Fedha inayobaki, ile ambayo hata ikikaa miaka kumi hutalala njaa, ni mjadala mwingine. Unaweza kununua hisa chache za kampuni hii, na sitakuita mjinga. Hoja ya kununua ipo: jina lenye nguvu, ghala lililopungua, faida ghafi inayopanda, na bei iliyokwisha kuadhibiwa. Hoja ya kukaa pembeni ipo pia: deni, ushuru, na washindani wasiolala, hasa TTI ya Hong Kong iliyonunua Milwaukee mwaka 2005 na kuifanya mpinzani mkali wa DeWalt kwa kila fundi wa umeme na mabomba. Ningekuwa mimi, nisingeweka zaidi ya sehemu ndogo kwenye kampuni moja ya vifaa, na nyingi ningeipeleka kwenye mfuko wa pamoja unaoshika mamia ya kampuni, ambao yumkini utakuwa nayo hii ndani yake. Wewe tayari kipato chako kinategemea ujenzi. Ukiweka na akiba yako kwenye ujenzi, mwaka mbaya utakupiga karakana na mfukoni siku moja.

Kama huishi Marekani, kumbuka pia kodi. Serikali ya Marekani hukata asilimia 30 ya gawio la mtu asiye mkazi, isipokuwa nchi yake ina mkataba wa kodi unaopunguza kiwango hicho. Dalali wako atakupa fomu inayoitwa W-8BEN ujaze. Ongeza ada za kubadilisha fedha kila gawio linapoingia, na mwenye hisa chache anaweza kukuta gawio la binamu limebaki nusu.

Kabla hujanunua, kaa ana kwa ana na mshauri wa uwekezaji mwenye leseni, hasa kwa sababu una ada ya mtoto kwenye hesabu. Mtu wa kukuandikia kama mimi haoni madeni yako, bima yako wala wategemezi wako. Nenda na orodha ya mapato, madeni na tarehe ya kwanza ya kulipa chuo. Muulize leseni yake imetolewa na nani, kisha uithibitishe kwa mamlaka hiyo wewe mwenyewe. Na muulize analipwa na nani: na wewe kwa saa, au na kampuni ambayo bidhaa yake atakupendekezea. Akikwepa hilo la pili, shukuru kwa chai uondoke.